Safari za Wikendi: Siku Tatu Kurtuba

Toleo lililopita safu hii iliwapeleka Visby kwa meli. Mhariri anatuambia zilikuja barua mbili. Moja ilisifu picha, na ya pili iliuliza kwa nini kila mara tunaandika habari za kuta za zamani na kamwe hatusemi tulikula nini. Safari hii tutasema tulikula nini. Kuta pia zipo, mtuvumilie.

Tulikwenda Córdoba, kusini mwa Uhispania, mji ambao Waarabu waliuita Kurtuba. Tuliondoka Ijumaa alfajiri na kurudi Jumapili usiku, mwisho wa Januari, wakati ambapo hapa Stockholm jua linazama kabla ya saa kumi jioni na kila mtu chuoni ana uso wa mtu anayedaiwa. Tulikuwa sita: wawili wenye asili ya Tanzania, wawili wa Kenya, mmoja ambaye wazazi wake walitoka Goma, na mmoja ambaye mama yake ni Mrundi na baba yake ni Mswidi wa huku huku, wa Norrköping.

Kwanza habari ya fedha, maana ndiyo iliyoleta maneno nyumbani. Nauli ya kwenda Málaga na kurudi, kwa shirika la bei nafuu na mkoba mmoja wa mgongoni, ilikuwa chini ya bei ya vitabu vya muhula mmoja. Nauli ya kwenda Dar es Salaam au Nairobi ni mara sita au saba ya hiyo, na ukienda kwenu huendi na mkoba wa mgongoni. Unakwenda na masanduku mawili ya kilo ishirini na tatu, na nusu ya mzigo si wako. Mama wa mmoja wetu alisikiliza hesabu hii mpaka mwisho, akasema, “Mwanangu, kwa hiyo unakwenda Uhispania kwa sababu ni rahisi?” Tukamjibu ndiyo, Mama. Akasema, “Haya,” kwa ile sauti ambayo sote tunaijua, na wala haina maana ya haya.

Njia haina hadithi. Ndege saa nne na ushei, kisha treni ndogo kutoka uwanjani hadi kituo kikuu cha Málaga, kisha treni ya mwendo kasi ya kama saa moja hadi Córdoba. Mizeituni dirishani, mizeituni, na mizeituni tena.

Sheria ya safari ilikuwa moja: Kiswahili tu. Tulibeba kopo tupu la kahawa, na kila neno la Kiswidi lilitozwa krona tano. Kihispania ruksa, Kiarabu ruksa, Kiswidi marufuku hata kikija kwa bahati mbaya. Hapa palitokea mjadala mkali kuliko wote. Wa Goma aliposimama kituoni akasema, “Batu beko bengi huku,” mmoja wa Kenya alidai hilo nalo litozwe kwa sababu si Kiswahili sanifu. Tulilijadili kutoka kituoni hadi hosteli, mwendo wa dakika ishirini na tano. Uamuzi: halitozwi. Mtu aliyekisikia Kiswahili hicho kwa mama yake kabla hajajua kutembea hawezi kulipishwa na mtu aliyefundishwa darasani kwamba ni “watu wako wengi”. Tunajua baadhi ya walimu wetu watakuwa na maoni. Karibuni, ukurasa wa barua uko wazi.

Sasa msikiti. Ama kanisa kuu. Hilo lenyewe ndilo jambo.

Jengo hilo kwa Kihispania linaitwa Mezquita, na ukilitamka polepole unasikia ndugu yake: msikiti. Yote mawili yametoka katika neno la Kiarabu masjid, na katika yote mawili ile j imegeuka k. Sisi tukaongeza jambo letu. Kwa kuwa neno linaanza na m, tukaliingiza katika ngeli ya mti na mkate, likapata wingi wake: misikiti. Wahispania wao wakalipa jinsia ya kike. Kila mwenye nyumba humvalisha mgeni nguo za kwake.

Ujenzi ulianza mwaka 785 hivi chini ya Abd al-Rahman wa Kwanza, mwana wa ukoo wa Banu Umayya aliyekimbia mauaji ya jamaa zake huko Shamu na kuanzisha dola upya mwisho wa dunia ya wakati ule. Waliomfuata waliupanua mara tatu. Leo zimebaki nguzo 856, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, ndiyo maana hazilingani kwa urefu wala kwa rangi. Mafundi wakaweka matao mawili, moja juu ya jingine, mstari mwekundu na mstari mweupe, ili dari ipate kupanda. Kuingia ndani asubuhi, taa zikiwa chache, ni kama kuingia shamba la minazi jioni: ukigeuka huku ni safu, ukigeuka kule ni safu, na hujui mwisho uko wapi. (Ushauri wa mwanafunzi kwa mwanafunzi: sisi tuliingia bure, kwa sababu Jumatatu hadi Jumamosi kuna saa moja ya bure, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu na nusu. Fikeni mapema.)

Mwaka 1236 Mfalme Fernando wa Tatu aliuteka mji, na msikiti ukafanywa kanisa. Kwa karibu miaka mia tatu Wakristo walisali humo bila kubadili mengi. Mwaka 1523 askofu akaanza kujenga kanisa kubwa katikati ya nguzo. Baraza la mji, nalo la Wakristo hao hao, lilipinga vikali, hadi shauri likapelekwa kwa Mfalme Carlos wa Tano, naye akampa haki askofu. Matokeo yake ndiyo haya: unatembea gizani kati ya matao ya chini, na ghafla dari inafunguka juu yako, nyeupe, yenye dhahabu na malaika. Wawili wetu ambao ni Wakatoliki walisema ni kanisa zuri ajabu. Wengine tulisema ni zuri, lingejengwa ng’ambo ya mto.

Hadi leo mabishano hayajaisha. Mwaka 2006 jimbo la kanisa liliandikisha jengo lote kuwa mali yake, kwa ada ya yuro 30 tu, na wako wenyeji, si Waislamu peke yao, ambao bado wanalalamikia jambo hilo. Na Waislamu hawaruhusiwi kusali humo.

Mmoja wetu, ambaye bibi yake yuko Pangani, alitaka kusali. Alijua kanuni, tulikuwa tumezisoma pamoja kwenye treni. Alikwenda hadi kwenye mihrabu, iliyo kazi ya wakati wa al-Hakam wa Pili, karne ya kumi, yenye vipande vidogo vya vioo vya dhahabu na buluu. Kuna uzio wa chuma, hufiki. Alisimama pale mikono mifukoni kwa muda mrefu, nasi tukakaa nyuma. Hatukumuuliza kama alisoma chochote kimoyomoyo, na hapa hatutaandika tulivyodhani. Alipogeuka alisema kitu ambacho hatukukitarajia: “Kibla chao hakiko sawa.”

Kweli. Tulitoa simu tukaangalia. Kutoka Córdoba Makka iko karibu mashariki, lakini mihrabu ile inaelekea kusini. Wataalamu wana maelezo zaidi ya moja: wako wanaosema ilifuata ramani ya mitaa ya Kirumi, wako wanaosema mtawala aliiga mwelekeo wa kwao Shamu. Mwenzetu akaanza kutuhesabia kwa vidole. Sisi Stockholm tunaelekea kusini mashariki. Bibi yake, akiwa Pangani, anaelekea kaskazini, maana Makka iko kaskazini ya pwani yetu, karibu moja kwa moja. Akasema alipokuwa mdogo, alipopelekwa likizo, alimbishia bibi kwa siku mbili kwamba mswala umewekwa kinyume. Alikuwa na miaka saba na alijua upande mmoja tu wa dunia.

Hajarudi Pangani kwa miaka sita sasa.

Jioni hiyo bibi alipiga simu. Tulikuwa kwenye daraja la Kirumi, mto Guadalquivir chini yetu (jina hilo ni Kiarabu pia, al-wadi al-kabir, mto mkubwa), na simu iliwekwa sauti ya nje ili sote tumsalimie. Tulipiga shikamoo sita kwa zamu. Marahaba zake zilikuwa sita pia, hakuruka mtu. Kisha akauliza:

“Mko wapi? Nasikia upepo.”

“Uhispania, bibi. Kuna mji wa zamani, tumekuja kutembea.”

“Kuna nani huko?”

“Hakuna mtu, bibi. Tunatembea tu.”

Akanyamaza. Tukadhani mtandao umekatika.

“Haya,” akasema. “Na huku niko mimi.”

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama tumekula, akaomba tumtumie picha ya huo msikiti, akaaga. Mwenzetu aliitia simu mfukoni akasema twendeni tukale. Tulikwenda.

Tulikula nini, basi. Chakula cha Córdoba ni salmorejo, supu baridi na nzito ya nyanya, mkate mkavu, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, imepondwa mpaka unaweza kusimamisha kijiko. Ni chakula cha kiangazi, lakini wanakuuzia hata Januari. Kwa wasiokula nguruwe: juu yake hunyunyizwa vipande vya nyama kavu ya nguruwe na mayai, hivyo semeni mapema “sin jamón”. Flamenquín nacho ni nguruwe aliyeviringishwa na kukaangwa, msidanganyike na umbo. Kilichotushinda kwa utamu ni mabilingani ya kukaanga yaliyomwagiwa asali nyeusi ya miwa. Wa Mombasa alikula sahani mbili, akatangaza kwamba viazi karai vimepata mpinzani. Kwa staftahi kuna vitu virefu vya unga vilivyokaangwa kwa mafuta, vya kuchovya katika chokoleti. Kila mmoja wetu, bila kuambizana, alisema kwamba ni mandazi yaliyonyooshwa.

Kwenye orodha ya chakula ndiko tulikoanza mchezo wa maneno ambao ulikula wikendi nzima. Azúcar ni sukari. Azafrán ni zafarani. Aceituna ni zeituni. Haya ni mepesi, kila mtu anayaona. Kisha tukaona albóndigas, vinyama vya mviringo, vile ambavyo Mswidi hali Krismasi bila hivyo. Neno hilo linatokana na bunduq, kokwa ya mviringo kwa Kiarabu. Neno hilo hilo lilikuja kutumika kwa risasi na silaha yake, likatufikia sisi likiwa bunduki. Kwa hiyo katika mkahawa mmoja wa Córdoba wanafunzi sita waliagiza bunduki mbili na mkate, kwa sauti, na tunashukuru hakukuwa na Mswahili mwingine karibu.

Tukaendelea. Mtu asiyetajwa jina kwa Kihispania ni fulano, kwetu ni fulani. Meya ni alcalde, yaani kadhi. Tarishi wa mahakama ni alguacil, naye ni waziri, kwa hiyo kuna waliopanda cheo kwa kuja upande wetu. Mtaa ni barrio, neno lililotoka kwa maana ya nje ya mji, nchi kavu, na ndugu yake kwetu ni bara. Alama ile ya barua pepe, @, wao huiita arroba, kutokana na neno la Kiarabu la sehemu ya nne, robo yetu. Tangu siku hiyo mwenzetu wa Goma anasoma anwani yake ya chuo kwa kusema “robo” katikati, na ofisi ya masomo haijamwelewa.

Lililotugusa zaidi ni dogo. Hasta mañana, wanasema wakiagana. Hasta inatokana na hatta ya Kiarabu, na hiyo ndiyo hata yetu. Leo tunaitumia zaidi kwa maana ya “hata mimi”, “hata kidogo”, lakini katika hadithi za zamani hata ni mpaka: walikwenda hata usiku, walingoja hata asubuhi. Mwalimu wetu wa fasihi alitueleza hilo muhula uliopita na hakuna aliyelishika. Muuza tiketi wa Córdoba alilisema mara moja tukalishika sote. Hasta mañana: hata kesho.

Tufafanue kabla hatujakosolewa. Hatudai kwamba Mswahili alikopa kwa Mhispania wala Mhispania kwa Mswahili. Wote walikopa kwa tajiri mmoja, kila mmoja kwa dirisha lake, huyu kwa magharibi ya dunia ile na huyu kwa kusini yake. Na dunia ile ilijuana. Al-Idrisi, mwanajiografia anayesemekana alisoma hapo Córdoba, alimaliza kitabu chake kikubwa mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sicily, na ndani yake wamo Malindi na Mombasa. Ramani yake imeweka kusini juu, hivyo pwani yetu iko juu na Uswidi iko chini, karibu na mguu wa ukurasa. Tunapendekeza ibandikwe katika chumba cha klabu. Na Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, ni yule yule aliyefika Granada, mwendo mfupi kutoka hapo, miaka kama ishirini baadaye.

Kuna uhusiano wa pili, na huo hauna utamu. Karibu na mto kuna mazizi ya farasi wa kifalme, yaliyojengwa kwa amri ya Felipe wa Pili mwaka 1570. Majengo mazuri, farasi wazuri. Wa Mombasa alisimama mbele ya kibao akasoma jina la mfalme mara mbili. Kuanzia 1580 Felipe alikuwa mfalme wa Ureno pia, na ni katika utawala wake ndipo ilipojengwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kati ya 1593 na 1596. Mtu mmoja, aliyekaa Uhispania, akatia sahihi mazizi ya farasi hapa na ngome ya mizinga kule. Ukoo wake ulikuwa bado unazitawala Uhispania na Ureno pamoja mwaka 1631, wakati Yusuf bin Hassan, mfalme wa Mombasa ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza Dom Jerónimo, alipoingia ngomeni na kuwageuka waliomlea. Wa Mombasa anasema alipelekwa ngome hiyo na shule ya msingi, kabla familia haijahamia huku, na alichokumbuka ni joto na soda. “Kumbe mwenyewe alikuwa na farasi,” akasema. Hatukulipia maonyesho ya farasi. Haikuwa msimamo wa kisiasa, fedha zilikuwa zimebaki kidogo, lakini kwa kuwa mmeuliza, tutasema ulikuwa msimamo.

Jumapili tulizunguka mtaa wa zamani wa Wayahudi. Kuna sinagogi dogo la mwaka 1315, chumba kimoja, kuta zake zimechorwa maandishi ya Kiebrania kwa mtindo ule ule wa nakshi za Waislamu. Mbele kidogo kuna sanamu ya Maimonides, na nje ya ukuta iko ya Ibn Rushd. Wote wawili walizaliwa mji huu katika karne ya kumi na mbili na wote waliandika kwa Kiarabu. Mwenzetu mwenye baba Mswidi alikaa mbele ya Maimonides akasema jambo alilolifikiri tangu Ijumaa: kwamba mtu huyu alikuwa Myahudi aliyeandika vitabu vyake vikubwa vya falsafa na tiba kwa lugha isiyokuwa ya sala yake, na hakuna aliyemwambia lugha hiyo si yake. Yeye mwenyewe huambiwa hivyo karibu kila wiki, kwa Kiswidi kwa sababu ya sura yake, na kwa Kiswahili kwa sababu ya lafudhi yake. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akatozwa krona tano, maana katikati alitumia neno “liksom”.

Kopo lilirudi Arlanda likiwa na krona 215. Ijumaa peke yake ilileta zaidi ya mia, na Jumapili ilileta kumi na tano, liksom ile ikiwemo.

Kwenye ndege ya kurudi tulipiga hesabu nyingine, na hii ndiyo tunayoileta kwenu. Klabu ina mfuko wa safari. Kwa miaka kadhaa umetumika kama tulivyoutumia sisi: Visby, Åbo, Gdańsk, na sasa nyongeza ndogo kwa Córdoba. Safari fupi, za rahisi, kila mtu anapata. Tukiacha kuugusa kwa mihula minne, na kila anayekwenda akilipa sehemu yake, utatosha kuwapeleka watu wanane Kilwa Kisiwani kwa siku kumi, kuuona Msikiti Mkuu wenye matao na kuba zake, na kupita Kizimkazi ambako mihrabu ina maandishi ya mwaka 1107. Anayetaka kuchepuka hadi Pangani atachepuka.

Hatukukubaliana. Watatu kati yetu wanataka. Wawili wanasema si haki, kwa sababu wanaochangia leo watakuwa wamehitimu kabla safari haijafika, na kwa sababu si kila mwanachama kwao ni pwani; wa Goma aliuliza kwa nini Kilwa iwe nyumbani kwake kuliko Córdoba, na swali lake ni zuri. Mmoja hakupiga kura. Alikuwa anatafuta kwenye simu picha za mihrabu alizozipiga, achague isiyotetemeka ya kumtumia bibi.

Kura ya wanachama wote ni Alhamisi ya pili ya mwezi, saa kumi na moja jioni, chumba kile kile. Fomu ziko kwenye ubao karibu na jiko. Walimu hawapigi kura ila wanakaribishwa kusema, na kahawa ipo. Kopo la faini litakuwa mezani.